Sigma yako haikubaliani na jedwali? Anza na uwiano

Umepima eneo la mgongano la elektroni na atomu za arigoni, au umelikokotoa kwa programu, kisha ukalichora kando ya data inayoaminika. Mikunjo miwili haikutani. Wengi wakifika hapo hukimbilia kufungua mashine au kuandika programu upya. Kabla ya kushika bisibisi, gawanya namba zako kwa namba za jedwali, nishati moja baada ya nyingine, uchore uwiano huo dhidi ya nishati. Atomu zenyewe kwa kawaida hazina hatia. Kosa huwa limo katika namna namba ilivyoitwa: kipimo chake, aina yake, au msongamano wa gesi uliotumika kuipata. Na kila kosa la namna hiyo huacha alama yake kwenye uwiano.

Tukumbushane kidogo. Eneo la mgongano, σ, si ukubwa wa atomu. Ni eneo la kufikirika linalosema tukio fulani lina uwezekano gani wa kutokea. Kwa hiyo atomu moja ina σ nyingi: ya mgongano nyumbufu (usiobadilisha hali ya ndani ya atomu), ya kuhamisha momenta, ya kusisimua kila ngazi ya nishati, ya uionishaji (kuing'oa atomu elektroni). Zote huandikwa kwa herufi ileile, na hapo ndipo balaa huanzia. Jambo la pili: tofauti ya asilimia 5 haihitaji daktari. Hata vipimo vizuri vya uionishaji hutofautiana kiasi hicho.

Uwiano ni uleule, kuanzia nishati ndogo hadi kubwa

Hii ndiyo dalili nyepesi kuliko zote. Umbo la mkunjo ni sahihi, kimo ndicho kimekosewa. Fizikia haina kosa linalozidisha kila kitu kwa namba moja, hivyo tafuta kwenye vipimo au kwenye msongamano wa gesi. Thamani ya uwiano mara nyingi inamtaja mhusika kwa jina.

Ukiona 10 000, umechanganya sentimita za mraba na mita za mraba. Ukiona 100, huenda jedwali liko kwa megabani, yaani 10⁻¹⁸ cm², nawe umelisoma kama angstromu za mraba, ambazo kila moja ni 10⁻¹⁶ cm². Ukiona 12.6, hiyo ni 4π: mmoja anasema σ kwa kila steradiani, yaani kipimo cha pembe ya anga, na mwingine anasema σ ya pande zote. Ukiona 3.14, mmoja anatumia a₀² na mwingine πa₀², a₀ ikiwa nusukipenyo cha Bohr. Uwiano wa 0.88 au 1.14 ni mjanja zaidi kwa sababu unafanana na kosa la kawaida la upimaji. Lakini πa₀² ni 0.88 × 10⁻¹⁶ cm², na mtu akiihesabu kama angstromu ya mraba moja kamili, kosa la asilimia 12 hadi 14 linapita bila kelele.

Sasa 3.5. Hapa wapo wahusika wawili wenye sura moja. Wa kwanza ni a₀² iliyosomwa kama angstromu ya mraba: a₀² ni 0.280 Å², hivyo unapata kosa la mara 3.57. Wa pili ni majedwali ya zamani yasiyotoa σ kabisa. Yanatoa idadi ya migongano kwa kila sentimita ya njia, gesi ikiwa kwenye kanieneo ya tori 1 na nyuzi 0 za Selsiasi. Katika hali hiyo sentimita moja ya ujazo ina atomu 3.54 × 10¹⁶, kwa hiyo σ ya 10⁻¹⁶ cm² huandikwa 3.54. Niliwahi kuandika kurasa mbili za nadharia kueleza kwa nini namba zangu zilipungua mara tatu na nusu. Nadharia ilipendeza. Kichwa cha safu ya jedwali sikuwa nimekisoma.

Kama vipimo vyote viko sawa, geuka kwenye msongamano. Katika jaribio la kawaida σ hupatikana kwa kugawanya mkondo wa ioni kwa mkondo wa elektroni, kwa urefu wa njia na kwa idadi ya atomu katika ujazo. Kosa lolote la kanieneo linaingia moja kwa moja. Uwiano wa 133 ni tori zilizochukuliwa kuwa paskali au kinyume chake. Uwiano wa 1.07 mara nyingi ni mtu aliyetumia msongamano wa nyuzi 0 kwa gesi iliyo kwenye nyuzi 20.

Halafu kuna geji ya uionishaji, ambayo imewasumbua watu wengi kuliko inavyostahili. Geji hiyo hupima kwa kuionisha gesi, na kiwandani husawazishwa kwa nitrojeni. Heli huionishwa kwa shida, hivyo geji inaonyesha karibu 0.18 tu ya kanieneo halisi. Ukiiamini, msongamano wako unakuwa mdogo mno na σ inatoka kubwa mara 5.5 hivi. Kwa arigoni ni kinyume: geji huonyesha takriban mara 1.3 ya ukweli, na σ inashuka kwa kiasi hichohicho. Mtego ni kwamba tori 1 ni milibaa 1.333, kwa hiyo anayesoma milibaa akidhani ni tori anapata kosa la karibu kiasi kilekile, tena kwa upande uleule. Kuwatenganisha ni rahisi. Ingiza nitrojeni: kosa la kipimo litabaki 1.33, kosa la geji litayeyuka. Ona kejeli yake pia: unataka kupima σ ya uionishaji kwa kutumia chombo kinachotegemea σ ya uionishaji. Ukiweza, tumia geji ya utando, ambayo haijali aina ya gesi.

Hata hiyo ina lake. Geji za utando nyingi hupashwa joto hadi nyuzi 45 ili zitulie. Kanieneo ikiwa ndogo sana, molekuli hupita kwenye bomba bila kugongana zenyewe kwa zenyewe, na kanieneo za pande mbili hufuata kipeuo cha pili cha uwiano wa halijoto. Chumba kikiwa nyuzi 23, hiyo ni √(318/296), yaani geji inasoma asilimia 3.6 juu ya kanieneo ya chumba. Kanieneo ikipanda, tofauti hii hupungua hadi kutoweka. Ndiyo maana σ ya mtu asiyeisahihisha huonekana kupanda polepole kadiri anavyoongeza gesi.

Umbo ni sahihi lakini limesogea kushoto au kulia

Heli huanza kuionishwa kwa elektroni za eV (elektronivolti) 24.6. Kwako inaanza kwa 23.5, au 26. Si lazima voltimita iwe imekosea. Volti unayoweka kati ya kathodi na chumba cha migongano si nishati ya elektroni, kwa sababu katikati kuna tofauti ya metali mbili zilivyo na urahisi tofauti wa kuachia elektroni, na juu yake kuna chaji ya elektroni zenyewe zilizosongamana mbele ya kathodi. Kwa pamoja zinaweza kusogeza kipimo kwa volti moja au zaidi. Mbaya zaidi, msogeo huo hubadilika gesi inapochafua nyuso za metali, kwa hiyo usawazishaji wa juzi si wa leo.

Dawa ni kutumia atomu yenyewe kama rula. Heli ina resonansi nyembamba kwenye eV 19.37, ambapo elektroni hunaswa kwa muda mfupi sana kisha huachiwa. Kwa nishati za chini, molekuli ya nitrojeni ina vilima vyake vinavyojulikana karibu na eV 2.3. Kama huna uwezo wa kuona resonansi, tumia vizingiti vya uionishaji: arigoni 15.76, neoni 21.56, heli 24.59. Rekebisha kwa gesi mbili, si moja. Msogeo ukiwa uleule kwa zote mbili, ni kosa la kujumlisha na linaondolewa kwa kutoa. Ukikua pamoja na nishati, ni kigawanya volti au kipimo cha volti ndicho kinachodanganya.

Usitafute kizingiti pale mkondo unapoonekana kwa mara ya kwanza. Elektroni zinazotoka kwenye kathodi ya moto zina mtawanyo wa nishati wa karibu nusu eV, na mkia wa mtawanyo huo huanza kuionisha kabla ya wakati. Vuta mstari kutoka sehemu iliyonyooka juu ya kizingiti hadi ukate mhimili. Uionishaji karibu na kizingiti si mstari kamili, Wannier alionyesha mwaka 1953 kwamba hufuata kipeo cha 1.127, lakini kwa mtawanyo wa nusu eV hutaiona tofauti hiyo.

Kuna ishara chini ya kizingiti, mahali ambapo hapapaswi kuwa na kitu

Kama mkia hauzidi eV moja hivi, ni mtawanyo uliotajwa. Kama unaenda mbali zaidi, angalia unavyobadilika na kanieneo.

Ukikua sambamba na msongamano wa gesi unayoingiza, uchafu umekuja na gesi. Usipobadilika kabisa, uchafu uko ndani ya ombwe tayari, na mshukiwa wa kwanza ni maji: huionishwa kwa eV 12.6, na hushikamana na kuta za chuma kwa siku nyingi usipozipasha moto. Ukikua kwa mraba wa msongamano, pongezi, umekutana na uionishaji wa Penning. Atomu ya heli iliyosisimuliwa hadi eV 19.8 haiwezi kutoa nishati yake kwa mwanga kirahisi, hivyo inaibeba mpaka igonge kitu kingine. Nishati hiyo inatosha kuionisha karibu kila gesi isipokuwa heli yenyewe na neoni. Atomu moja imesisimuliwa, nyingine imeionishwa nayo, na uchafu kidogo sana unatosha.

Kuna mdanganyifu wa nne, ambaye hata si ioni. Atomu hizohizo zilizosisimuliwa, na miale ya urujuanimno inayotoka kwenye gesi, zikigonga bamba la kukusanyia ioni huchomoa elektroni. Kwa ameta, elektroni inayoondoka ni sawa na ioni chanya inayofika. Weka waya wa wavu mbele ya bamba, uupe volti hasi kuliko bamba lenyewe ili elektroni zirudishwe zilikotoka. Mkondo ukishuka, umemkamata.

σ inabadilika ukibadilisha kanieneo

Haiwezi. Ikibadilika, unapima kitu kingine. Chukua σ ya 2 × 10⁻¹⁵ cm², ambayo ni ya kawaida kwa elektroni ndani ya arigoni kwenye eV 10 na kitu, na njia ya sentimita 10. Kwenye paskali 0.1 mita ya ujazo ina atomu 2.5 × 10¹⁹. Zidisha vyote: unapata 0.49, maana yake elektroni karibu 4 kati ya 10 zimegongana kabla ya kufika mwisho. Zilizopinda zinasafiri njia ndefu kuliko uliyoandika daftarini, na baadhi zimegongana mara mbili. Kwenye paskali 0.01 zidisho hilo ni 0.05, na hapo ndipo jaribio la mgongano mmoja linapoanza kuwa la mgongano mmoja. Pima kwenye kanieneo tano au sita na uvute hadi sifuri.

Usumaku wa kunyoosha mwale nao hurefusha njia, kwa kuwa elektroni zinazopinda huzunguka kama skrubu. Punguza usumaku kwa nusu; σ ikishuka, hiyo ndiyo sababu.

Namba ni ndogo mno, hasa kwenye nishati kubwa

Kama unapima kwa kuangalia mwale unavyopungua, jiulize kikombe chako cha Faraday, kile kinachopokea elektroni mwishoni mwa njia na kupima mkondo wake, kina mdomo mpana kiasi gani. Elektroni ya kasi ikigongana hupinda kidogo tu, inaingia kikombeni, na inahesabiwa kama haikugongana. Nishati ikipanda migongano huelekea mbele zaidi na upungufu unakua. Kwa molekuli zenye ncha mbili za umeme, kama maji, hali ni mbaya hata kwenye nishati ndogo. Punguza tundu na upime tena.

Programu inatoa kasi ya elektroni isiyofanana na majaribio

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu siku hizi wanaokokotoa ni wengi kuliko wanaopima, na kosa la programu halitoi moshi.

Programu hizi huchukua majedwali ya σ na kukokotoa elektroni zinavyosonga ndani ya gesi zikisukumwa na uga wa umeme. Swali la kwanza: kosa linaanzia kwenye nguvu gani ya uga? Arigoni haina kitu cha kusisimua chini ya eV 11.55. Kwa hiyo uga mdogo ukitoa matokeo mazuri na uga mkubwa ukaharibu, angalia safu ya kwanza ya data. Majedwali mengine hutoa σ nyumbufu ya kuhamisha momenta. Mengine hutoa σ jumuishi, ambayo tayari ina usisimuaji na uionishaji ndani yake. Chini ya 11.55 hizi mbili ni sawa kabisa, ndiyo maana kosa hujificha. Ukiitia σ jumuishi kama nyumbufu na kuongeza usisimuaji juu yake, upotevu wa momenta unahesabiwa mara mbili na elektroni zinasonga polepole kuliko ukweli. Ukikosea upande wa pili, programu kama BOLSIG+ itatoa usisimuaji kutoka kwenye namba isiyokuwa nao, na unaweza kuishia na σ hasi. Majedwali ya LXCat, hifadhi ya data hizi mtandaoni, hutenganisha aina hizi kwa neno moja juu ya kila safu. Soma neno hilo.

Kosa likiwa kwenye uga mdogo, kuna watu watatu wa kuhoji. Wa kwanza ni nafasi kati ya nukta za jedwali. Arigoni ina bonde kubwa kati ya eV 0.2 na 0.3, alilolikuta Ramsauer mwaka 1921, ambapo elektroni hupita kana kwamba atomu haipo. Jedwali likiruka kutoka 0.1 hadi 1, bonde limefukiwa. Wa pili ni uwiano wa masi ya elektroni kwa masi ya atomu: kwa arigoni ni 1.37 × 10⁻⁵ na kwa heli 1.37 × 10⁻⁴. Tarakimu ni zilezile, kipeo tu ndicho tofauti, na jicho lililochoka halioni. Wa tatu ni joto la gesi. Kwenye kelvini 300 kT, yaani nishati ya joto ya atomu, ni eV 0.026, na programu inayodhani atomu zimesimama haitatoa jibu sahihi elektroni zikiwa baridi.

Wakati mwingine programu ni safi na jaribio ndilo chafu. Kwa sababu ya bonde hilo, sehemu ndogo kuliko asilimia moja ya nitrojeni au methani hubadilisha sana kasi ya elektroni ndani ya arigoni: molekuli hupoza elektroni, zikaangukia bondeni, zikakimbia.

Usichanganye seti. Nyingi zimerekebishwa kwa pamoja hadi zitoe kasi na uionishaji unaopimwa, kwa hiyo kosa la safu moja limefidiwa na safu nyingine. Ukichukua usisimuaji wa huku na uionishaji wa kule kwa kuwa kila mmoja unaonekana bora peke yake, umevunja fidia hiyo. Nimeona watu wakiboresha data hivi mpaka ikaharibika.

Uionishaji nao una majina mawili. Kuna σ inayohesabu matukio, na kuna σ inayohesabu chaji, ambamo ioni yenye chaji mbili huhesabiwa mara mbili. Vipimo mashuhuri vya Rapp na Englander-Golden vya 1965 ni vya aina ya pili. Kwa arigoni hazitofautiani chini ya eV 43.4, ambapo chaji ya pili huanza. Juu yake zinaachana kwa asilimia kadhaa.

Mengine kwa haraka. Kukadiria kati ya nukta kwa logi huanguka kwenye kizingiti, kwa sababu logi ya sifuri haipo. Mwisho wa jedwali usiendeleze σ ikiwa bapa. Hushuka takriban kama logi ya nishati kugawanywa kwa nishati. Kwenye Monte Carlo, yaani programu inayofuata elektroni moja moja kwa kubahatisha migongano yake, hakikisha kasi ya juu kabisa ya migongano uliyoweka haizidiwi popote. Na kama gesi ni ya molekuli zinazopokea nishati kwa wingi kwenye eV ndogo, kwa mfano methani, shuku ukadiriaji wa vijenzi viwili (unaodhani elektroni huenda karibu sawasawa pande zote) kabla ya kushuku data. Kielelezo cha Reid cha 1979 kipo kwa kazi hiyo: σ nyumbufu bapa ya 6 Å², usisimuaji unaoanza eV 0.2 na kupanda kwa 10 Å² kila eV, masi ya 4. Programu isiyoweza kukitatua isipewe gesi ya kweli.

Ioni: mkunjo umenyooshwa mara mbili

Ioni ya arigoni ikigonga atomu ya arigoni iliyotulia, nusu tu ya nishati ndiyo inayopatikana kwenye kitovu cha masi. Jedwali moja linaandika nishati ya maabara, lingine ya kitovu. Kwa protoni na arigoni tofauti ni 40 kwa 41 na hakuna anayeijali, ndipo mazoea hayo yanapomponza mtu akihamia kwenye ioni nzito.

Ukilinganisha protoni na elektroni, linganisha kasi. Protoni ya keV 100 ina kasi ya elektroni ya eV 54. Kasi ikiwa kubwa vya kutosha mikunjo yao ya uionishaji hukutana. Kwenye kasi ndogo haikutani, na hilo si kosa.

Mkondo wa ioni ukipotea njiani bila kuonekana pembeni, zimebadilishana chaji na gesi. Ioni imechukua elektroni, imegeuka atomu ya kasi, na bado inafika kwenye kitambuzi. Mkondo hauihesabu, lakini inachomoa elektroni kwenye chuma kama kawaida, hivyo unaweza kuona mkondo wa ishara isiyoeleweka. Kwa protoni ndani ya hidrojeni ya atomu jambo hili hutawala hadi keV 25 hivi, ambapo protoni huwa na kasi sawa na ya elektroni iliyo kwenye atomu, kisha hushuka ghafla. Weka mabamba mawili ya umeme mbele ya kitambuzi upinde ioni zilizobaki. Kinachoendelea kufika moja kwa moja ndizo atomu.